Kumbikumbi wa Uzi

Njukini, 3 Machi 1974

Mume wangu. Nimeyaandika maneno haya kwanza kwenye karatasi ya sukari ili mkono uyazoee, na sasa nayaandika hapa kwa wino. Mume wangu Nehemiah amenipa daftari hili leo asubuhi kabla ya kupanda lori la Taveta, kwenda kushika gari moshi la kurudi kazini Voi. Amesema niandike kila nitakachokiona huku kwao, halafu nyumba ya stesheni ikipatikana nitamsomea yote, yeye akiwa amelaza kichwa mapajani mwangu. Ni karani wa mizigo, na karani mwenye mke hupewa nyumba. Ameahidiwa masika yakiisha. Mimi nimekwisha kuchagua rangi ya pazia.

Kwa hiyo masika haya nakaa na wazazi wake. Nimetoka Mghange kwenye baridi na mawe, na hapa ni tambarare, mahindi na maharagwe mpaka macho yachoke, na Mto Lumi unapita nyuma ya migomba. Mama mkwe, Mama Mbeyu, ananipenda; anacheka kwa mwili mzima. Baba mkwe sijui. Mzee Gilbert anakaa barazani kutwa, shuka shingoni hata jua likiwaka, na hajaniambia neno.

Nina miaka ishirini na ninapendwa. Anayetaka kuwa na huzuni na awe nayo, mimi sina nafasi.

5 Machi

Nimekosa. Nilimpelekea Baba chai barazani, nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikamnyoshea kikombe. Hakukipokea. Aligeuza uso akatazama migomba, akaitazama tu, mpaka mkono wangu ukachoka na chai ikanimwagikia vidole. Mama alitoka jikoni akanichukulia kikombe, akakiweka juu ya kigoda kilichokuwa kando ya Baba.

Jikoni akanieleza. Katika ukoo huu mkaza mwana hampi baba mkwe kitu mkononi, wala hamgusi, wala hawasemezani uso kwa uso. Vitu hupitia kigodani na maneno hupitia kwa mama. Kwetu wazee wa zamani walikuwa na mambo hayo, lakini baba yangu aliyaacha, nikadhani kila mtu ameyaacha. Kidato cha nne chote hakuna aliyenifundisha kigoda.

Nilimwuliza Mama kama Baba amenichukia. "Hajakuchukia," akasema. "Amekuheshimu."

Heshima gani hii yenye baridi. Ah, Nehemiah, ungekuwapo ungenipuliza vidole.

8 Machi

Hakuna mvua. Nimefua mashati mawili aliyoyaacha Nehemiah, ingawa yalikuwa safi.

12 Machi

Nimejua kwa nini Baba anavaa shuka. Ameondoa kidogo leo kujipangusa jasho, nikaona uvimbe chini ya taya, mkubwa kama ngumi ya mtoto. Mama anasema walikwenda hospitali kubwa mwaka jana, na madaktari wakasema arudi nyumbani akae na watu wake. Ugali haupiti. Uji unarudi. Kinachotulia tumboni ni supu ya samaki wa mtoni tu, wale aliokuwa akiwavua mwenyewe.

Nikauliza kama Nehemiah anajua. Mama alipepeta mahindi kwa muda.

"Anajua. Kila Jumamosi baba yake anageuza kiti kitazame njia. Hana hata neno la kumwambia. Anataka tu kijana aje akae naye."

Nehemiah hakuniambia. Bila shaka hakutaka kuniharibia fungate. Ndivyo alivyo, moyo wake ni laini mno.

16 Machi

Jumamosi. Kiti kilitazama njia. Nilisuka nywele upya. Jioni dereva wa lori akaleta salamu kwamba mizigo ni mingi Voi, tutamwona wiki ijayo.

20 Machi

Mvua ya kwanza jana. Leo jua lilipoanza kushuka, kichuguu cha nyuma ya zizi kikafunguka, kumbikumbi wakamiminika kama moshi wenye mabawa. Kuku waliingiwa na wazimu. Mama alikinga beseni. Mimi nilisimama tu nikiwaza kwamba hivi ndivyo moyo wangu ulivyofanya siku ya harusi.

Baba akamwambia Mama amletee mkebe wake. Ujanani alifanya kazi kwenye kambi ya uvuvi huko juu kwenye mito ya baridi, upande wa Nyeri, akiwabebea wazungu samaki. Aliwaona wakifunga manyoya kwenye ndoana mpaka ikafanana na mdudu, wakimtua juu ya maji, na samaki akadanganyika. Aliporudi Lumi akagundua kwamba samaki wa hapa, wale wa magamba ya fedha wenye ndevu mbili, masika yakianza huacha minyoo wakatazama juu, wakingoja kumbikumbi waanguke. Kumbikumbi halisi hakai kwenye ndoana, anavunjika. Basi Baba akatengeneza wake: mwili wa uzi wa katani uliolowekwa kwenye chai ya rangi, mabawa ya manyoya ya kifua cha bata, na miguu ya manyoya ya shingo ya jogoo, ambayo husimama juu ya maji asizame. Kisha anampaka nta ya nyuki. Anamwita kumbikumbi wa uzi.

Mkebeni wamebaki watatu. Mikono ya Baba haiwezi kufunga wa nne. Inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nehemiah hakujifunza.

Baba alitazama migomba. "Mbeyu, mwulize mkaza mwana kama macho yake ni mazuri."

Mama akanigeukia, na mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. "Anauliza kama macho yako ni mazuri."

"Mwambie ni mazuri."

"Anasema ni mazuri."

"Nimesikia," Baba akasema.

21 Machi

Nimevua. Mimi, binti wa mlimani, nisiyejua hata kuogelea. Mama alinionyesha pale Baba anaposimama, chini ya mkuyu, akanipa ufito wake mrefu wenye mshipi. Jioni kumbikumbi walipoanza kuanguka mtoni, maji yalikuwa yakifunguka na kufumba kila mahali, midomo midogo. Unamshusha kumbikumbi wa uzi polepole, atue kama aliyechoka kuruka. Mara nne nilimtupa kama jiwe. Mara ya tano akatua, akasimama kwenye miguu yake ya manyoya, akaelea, nami nikasahau kupumua. Maji yakafumba juu yake.

Samaki mmoja, si mkubwa. Mama alimchemsha mpaka mifupa ikaachia. Baba alimaliza bakuli, akaliweka juu ya kigoda. Nilipokwenda kulichukua nikaona ameligeuza chini juu, kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

23 Machi

Jumamosi. Nzembi, jirani yetu anayeuza maharagwe sokoni, amenicheka mbele ya wanawake wote kisimani. "Bibi harusi, huko milimani ndiyo mnavua kwa uzi wa kushonea? Basi mtegee huyo bwana wako wa Voi, pengine atanasa."

Nilicheka nao. Kiti kilitazama njia mpaka giza.

28 Machi

Ninafundishwa. Ni ufundi wa vidole, na mwalimu wangu haruhusiwi kugusa vidole vyangu. Tunafanya hivi: Baba anakaa mlangoni, mimi nakaa ndani kidogo, kigoda kiko katikati. Nikikwama nakiweka kitu changu kigodani. Anakichukua, anakitazama, anakirudisha. Mama yuko pembeni akimenya maharagwe, na kila neno linapitia kwake.

"Mwambie manyoya ayasimamishe, asiyalaze."

"Yasimamishe, usiyalaze."

Leo asubuhi Mama alikuwa amekwenda kupalilia, tukabaki sisi na kigoda chetu. Uzi ulinikatikia mara ya tatu. Nikasikia Baba akikohoa. Yule jogoo mwekundu, ambaye tumempunguza manyoya ya shingo mpaka amekuwa kama mzee aliyenyolewa vibaya, alikuwa akidonoa kizingitini. Baba akamtazama.

"Jogoo," akasema, "mwambie asikaze mapema. Uzi ukikazwa mapema hukatika pale pa mwisho. Azungushe tu, ulegee, ukaze wakati wa kufunga."

Nililegeza. Nikazungusha. Uzi ukashika. Nikainamisha kichwa nisionekane nikicheka, na nadhani Baba naye alikuwa akicheka, maana shuka ilitikisika. Kumbe mtu huyu. Mwezi mzima nimekuwa nikimwogopa mtu huyu.

30 Machi

Jumamosi. Barua kutoka kwa Nehemiah, tamu sana. Anasema usiku Voi anasikia mabehewa yakigongana na kila mgongano unalitaja jina langu. Nimeisoma mara nyingi. Hakuuliza habari za baba yake. Pengine karatasi ilikwisha.

2 Aprili

Samaki wawili. Bakuli chini juu.

6 Aprili

Jumamosi. Mvua. Kiti. Hakuna mtu.

10 Aprili

Wa kwanza kati ya wale watatu ameliwa na samaki mkubwa aliyekata mshipi. Nililia kama aliyefiwa. Baba akamwambia jogoo kwamba mvuvi asiyepoteza kitu ni yule anayekaa nyumbani.

14 Aprili, Pasaka

Amekuja! Jana jioni, juu ya mizigo ya lori, amelowa, akicheka. Nilikimbia mpaka barabarani mbele za watu, na Nzembi akapiga kigelegele. Ameniletea kitambaa cha maua ya njano, ile rangi ya pazia niliyomwandikia. Siandiki mengine ya jana.

Lakini naandika haya. Aliingia barazani. Baba alikuwa amejisukuma aketi wima, na Mama alikuwa ameweka kiti cha pili karibu yake. Nehemiah alisimama. Aliutazama uvimbe, ambao sasa shuka haiwezi kuuficha. Akasema, "Baba, naona umepata nafuu," akaenda kutazama mahindi. Leo baada ya ibada alikwenda kuwaamkia marafiki. Kiti cha pili kimekaa kitupu siku mbili.

15 Aprili

Ameondoka alfajiri. Nilimwuliza tukiwa njiani kwa nini hakuketi na baba yake hata kwa kikombe kimoja cha chai.

"Sijui kukaa na mtu anayekwisha, Tryphena."

Tukatembea. Kisha akasema kwamba mimi simjui Baba. Alipokuwa mdogo Baba alimkalisha na ule mkebe kila jioni, na kila uzi ulipokatika alipigwa vidole kwa ufito, mpaka vikavimba asiweze kushika kalamu. "Wewe umempata akiwa mzee na mgonjwa. Mimi nilimpata akiwa na nguvu."

Nikakumbuka jogoo, na maneno ya upole yanayopitia kwake. Nikaona uchungu kwa ajili ya yule mtoto wa vidole vilivyovimba, nikataka kuvishika vidole hivyo, nikavishika. Lakini nilipomwomba arudi Jumamosi, akatazama kando, upande wa migomba. Sikuwa nimejua kwamba anafanana na baba yake kiasi hicho.

Nilimwambia asubiri nimwamshe Baba waagane. Akasema nisimwamshe. Nilipogeuka, Baba alikuwa macho barazani, kwenye kiti, akitazama njia.

20 Aprili

Jumamosi.

22 Aprili

Mvua siku ya tatu bila kukoma. Mama hacheki tena kwa mwili mzima, anacheka kwa mdomo tu, kwa ajili yangu. Kumbikumbi wa pili ameraruka. Baba anameza vijiko vichache.

27 Aprili

Huko Kilimanjaro mvua imenyesha sana na Lumi umefura, mwekundu, unabeba magogo. Nyavu za watu zimekwenda. Mimi nilingoja mahali pa maji tulivu chini ya mkuyu, kumbikumbi wachache wakaanguka, nikamtua yule wa mwisho wa Baba, mwenye miguu iliyochakaa. Upepo ukamchukua akanasa tawini juu ya maji makali. Nilivuta. Nilipaswa kulegeza, nami nikavuta. Mshipi ukakatika.

Yuko pale juu sasa, anaonekana kutoka ukingoni. Watatu wote wamekwisha.

Nilirudi nikaweka ufito kigodani, nikakaa ndani nikisubiri hasira ile aliyoniambia Nehemiah. Baba akaupapasa ufito. Halafu, sauti imekuwa kama ya karatasi, "Jogoo. Mwambie aanze wake."

29 Aprili

Nimefunga wanne. Wa kwanza ana mabawa kama masikio ya sungura. Wa pili amezama ndani ya bakuli la kumjaribia. Wa tatu ameelea ubavu. Wa nne nilimweka kigodani, nikashindwa kutazama.

Baba alimdondosha bakulini. Mama aliacha kumenya. Kumbikumbi wangu wa uzi alisimama juu ya maji kwa miguu yake ya jogoo, bawa moja refu kuliko jingine, akazunguka polepole.

Baba alimtazama kwa muda mrefu sana. "Mwambie huyu ataelea."

Jogoo alikuwa mbali, kwenye zizi. Mama naye hakurudia. Maneno yalinijia yenyewe, bila daraja, na hakuna aliyeyazuia.

Kisha akasema tena, akitazama njia, "Yule wa kwanza nilimkaza mapema, mimi mwenyewe. Mwambieni hivyo."

Sijui alikuwa anamtuma nani, mimi, Mama au jogoo. Jioni nilimwandikia Nehemiah ukurasa mmoja usio na neno tamu hata moja. Nilimwambia baba yako anakungoja, na nguvu ya kungoja inakwisha. Maneno yale ya Baba sikuyaandika. Nilitaka aje ayasikie kwa masikio yake.

4 Mei

Jumamosi. Nzembi alikuja na maziwa. Hakunitania. Alikaa kwenye kiti cha pili mpaka lori lilipopita, akaondoka bila kuaga.

8 Mei

Naandika mchana. Mama amelala, mara ya kwanza tangu juzi.

Jana mvua ilipumzika na kumbikumbi wakatoka, wengi kuliko siku yoyote. Mto ulikuwa umeshuka kidogo. Nilikwenda mkuyuni. Wa Baba alikuwa bado tawini, mweusi, anatikisika. Nikamtua wangu. Sikumtupa, nilimwachilia. Alitua kama aliyechoka. Samaki akaja juu bila haraka, mkubwa, ndevu zake nikaziona, akamchukua. Sikukaza mapema. Nilimtembeza na maji mpaka akachoka mwenyewe. Nilirudi nikikimbia kwenye matope, samaki kwenye kanga, nikisema peke yangu kama mwendawazimu, atakunywa, atakunywa, ataiona Jumamosi.

Baba alikuwa amehamishwa kitandani. Mama alichemsha, akachuja, akamtia tone midomoni. Likatiririka kando ya kinywa. Akajaribu tena. Baba akafumba macho kama kuomba radhi. Mama akaweka bakuli sakafuni.

Kisha mkono wa Baba ukatoka chini ya shuka, kiganja juu. Mama akampa maji, si hayo. Akampa Biblia; si hiyo. Mkono ukabaki wazi, ukinielekea mimi niliyekuwa mlangoni. Bado nilikuwa na ufito. Nikaelewa. Nilimfungua kumbikumbi kwenye mshipi, nikatafuta kigoda. Kigoda kilikuwa barazani. Nikamtazama Mama.

Mama Mbeyu alinitazama. Halafu akageuka, akaelekea ukutani, akasimama hivyo akitugeuzia mgongo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye udongo.

Nikapiga goti nikamweka kiganjani mwake. Vidole vyake vikafumba, polepole, juu ya manyoya na juu ya ncha za vidole vyangu. Vilikuwa vyepesi. Havikutetemeka. Hatukusemezana. Nilikaa hivyo mpaka vikalegea.

Mama aliuliza kutoka ukutani, "Tayari?"

Nikasema tayari, Mama.

9 Mei

Nehemiah amefika. Alhamisi, siyo Jumamosi. Barua yangu ilimkuta. Aliomba ruhusa siku hiyo hiyo. Alipoona watu wamejaa uani akavua kofia, akasimama barabarani, hakuweza kuingia. Nilimwona. Sikukimbia.

12 Mei

Tumemzika Baba jana, nyuma ya migomba, upande wa mto. Wanaume walitaka jogoo wa waombolezaji, wakamkamata yule mwekundu. Mama akatoka jikoni akawaambia huyo wamwachie, ni mtu wa nyumbani. Walidhani huzuni imempanda kichwani. Wakachinja mwingine.

Usiku Nehemiah aliniuliza kama Baba aliacha neno. Nilisema nimechoka.

19 Mei

Amepewa likizo. Anapalilia kutwa. Tunaongea mambo ya chumvi na kuni.

25 Mei

Jumamosi. Mama ameweka kiti kama kawaida, kisha akakumbuka, kisha akakiacha.

2 Juni

Nyumba ya Voi imepatikana. Vyumba viwili, nambari imeandikwa mlangoni, ameniambia Nehemiah, na dirisha linalotazama reli. Nimesoma mwanzo wa daftari hili, msichana yule na pazia lake. Ningependa kumshika mkono.

Mvua zimekwisha. Leo asubuhi nilikaa pale ndani, mahali pangu, na mkebe. Manyoya yamebaki, na uzi wa katani, na ndoana chache. Nilifunga kidogo, si kwa ajili ya samaki. Nehemiah alitoka shambani, akasimama. Kisha akaketi mlangoni, mahali pa Baba, bila kujua kama ni ruhusa. Akachukua ndoana kutoka kigodani. Akachukua uzi. Alizungusha kwa vidole vyake vikubwa vya karani, akavuta, ukakatika. Akaanza tena. Ukakatika. Nikaona mabega yake yakipanda, kama ya mtoto anayesubiri kupigwa.

Nilikuwa na hasira siku ishirini na kitu, na bado ninayo. Sikuweza kumtazama. Jogoo alikuwa kizingitini, shingo yake imeanza kuota manyoya mapya, mafupi, mekundu sana.

"Jogoo," nikasema. Alidonoa mara moja, akainua kichwa. "Jogoo, mwambie baba yake alisema hivi: yule wa kwanza nilimkaza mapema, mimi mwenyewe."

Mikono ya Nehemiah ikashuka mapajani. Akageuza uso upande wa migomba. Mama alikuwa uani akianika maharagwe, hakugeuka. Nilingoja mpaka nikasikia pumzi ya Nehemiah imerudi, kisha nikasogeza uzi mpya juu ya kigoda, katikati yetu.

"Na umwambie aanze tena," nikasema. "Asikaze mapema."